Inzi Sitini wa Rawiya

Dada yangu Rawiya ana shahada mbili, ana miaka thelathini na sita, na kazi yake ni kufuga inzi. Si wale wakubwa wa sokoni. Ni vile vijinzi vyenye macho mekundu vinavyorukia ndizi iliyoiva kupita kiasi. Dunia nzima inavifukuza, yeye anavipikia uji wa mahindi na hamira, anavitia kwenye vichupa, anaziba kwa pamba, kisha anaandika tarehe kwa kalamu nzuri kuliko wanazotumia wanangu skuli.

Tunakaa nyumba moja Kikwajuni, mimi na mume wangu na watoto watano, na yeye chumba cha uani. Ukimuuliza mbona hakuja harusini kwa binamu yetu Ahmada, atakwambia alikuwa anatenga majike. Eti majike wapya sharti watengwe na madume saa chache tu baada ya kutoka, ili baadaye wote wapandwe siku moja.

"Inzi unawachunga namna hiyo, na mwenyewe hujaolewa!" nilimwambia. Akacheka, akarudi maabara kwenye hadubini yake.

Alinieleza mara nyingi, na kila mara nilikuwa na chungu motoni. Jike akishapandwa, ovari zake hutoa homoni kwa wingi. Homoni hiyo inafika kwenye utumbo na kuziamrisha seli shina, yaani zile seli zinazozaa seli nyingine, zigawanyike. Utumbo unakua, jike anapata nguvu ya kutaga mayai mengi. Hapo hakuna ubaya. Ila Rawiya alitaka kujua kama amri hiyo hiyo ndiyo inayoleta uvimbe inzi anapozeeka. Basi akawa na majike sitini, wote wamepandwa: thelathini wa kawaida, na thelathini ambao seli zao shina zimezibwa masikio, haziisikii homoni. Akawalea wiki sita mpaka wakazeeka. Jumamosi awapasue, jibu lipatikane.

Mama yetu alizaa tisa, akafa kwa uvimbe wa utumbo. Nilimwambia Rawiya mama hakuwa inzi. Akasema analijua hilo, lakini pa kuanzia ni hapo.

Alhamisi kiyoyozi cha maabara kikaharibika. Akawaleta nyumbani, akawaweka stoo penye ubaridi, pamoja na hadubini na vifaa vyake vya kupasulia. Na Ijumaa, baada ya alasiri, wanawake wa kwa Badar walikuwa wanakuja kumuona. Badar ni mgane wa Jang'ombe, mtu mwenye adabu zake, na mimi ndiye niliyehangaika miezi mitatu mpaka wakakubali kuja.

Nyumba inayongoja wageni wa posa lazima inukie. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikafukiza ukumbi, vyumba na ngazi. Kisha nikaitundika nguo ya Rawiya stoo, maana huko ndiko watoto hawaingii, nikaweka chetezo chini yake na udi wa kutosha, nikafunga mlango ili moshi uingie sawasawa. Inzi sikuwakumbuka hata kidogo.

Rawiya alitoka kuoga, akaenda kuchukua nguo. Nilimsikia anakohoa. Nilipofika, moshi ulikuwa umetanda chumba kizima, na inzi wote sitini wamelala chali ndani ya vichupa.

"Shaima. Udi?"

"Kwani si lazima nguo inukie?"

"Utumbo wao unaanza kuoza sasa hivi. N'kingoja saa moja, sina kitu."

Wageni wakapiga hodi. Nikamvuta mkono, akajitoa, akakaa sakafuni na kanga zake za kuogea, akawasha taa ya hadubini. Nikawaambia wageni anavaa. Nikawapa kahawa na haluwa. Nikawapa sambusa. Kila nikirudi stoo namkuta anavuta utumbo mwembamba kuliko uzi, anautia kwenye dawa, anachukua inzi mwingine.

"Vaa, n'nakuomba! Watasema una wazimu!"

"Nipe kichupa hicho."

Nikampa kwa hasira. Nikampa na kingine. Nilitamani kuvitupa vyote uani.

Bi Ummkulthum, mamake Badar, alichoka kungoja, akaja mwenyewe mpaka mlangoni. Rawiya akamwamkia bila kusimama. Bi Ummkulthum akaitikia, akauliza ni nini hiki. Rawiya akamweleza yote, seli shina na homoni na uvimbe, mikono yake haijatulia hata mara moja. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sijalifanya hata siku moja.

"Mie n'mezaa kumi na mmoja," akasema. "Hebu n'ambie, mwanangu. Hao waliosikia hiyo amri, wakizeeka huwa vipi?"

"Sijui, mama. N'mewahi kumi na tisa tu, waliobaki washalainika. Kumi na tisa hawatoshi kutoa jibu. Ningelijua kesho."

"Nani kawaua?"

Rawiya akaziba kichupa. Bi Ummkulthum akanusa hewa, kisha akanitazama. Hasira zilikuwa zimenijaa, na nilitafuta wa kumtolea, nisimpate.

"Mimi," nikasema.