Ulezi wa Bibi na Koo za Wazee

Bibi yangu alihamia kijiji cha ujamaa na kibuyu kimoja cha mbegu za ulezi, alizopewa na mama yake siku aliyoolewa. Ulikuwa ulezi mweusi, mchungu, ambao hata ndege waliufikiria mara mbili. Shamba lake la zamani lilibaki kule Nyansurura, na mbegu isiyopandwa hufia ndani ya kibuyu.

Msimu wa kwanza bwana shamba alitangaza kwamba kila kaya ipande mbegu bora tu. Alikuwa na maana ya mahindi, ndiyo yaliyokuwa na mnunuzi. Sasa, kwa Kikurya ulezi ni obori, na Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kuombea chumvi dukani. Yeye alisikia mbegu ya obori. Alirudi nyumbani akiisifu serikali kwa mara ya kwanza, akapanda kibuyu kizima.

Ulipoota, bwana shamba alikasirika, akaagiza ung'olewe. Wazee wa kijiji walikubali haraka, kama walivyozoea kukubali kila kitu mbele ya mgeni. Bibi hakubishana. Aliwakumbusha tu kwamba kimea cha pombe hutoka kwenye ulezi, na mahari haijadiliwi kwa koo kavu. Mwenyekiti, baba wa mabinti waliofikia kuolewa, alikohoa. Jioni ile ile kikao kiligundua kwamba kipande kile kilikuwa shamba la majaribio. Bibi mwenyewe alikuwa mlokole, hajaonja pombe tangu abatizwe.

Basi kila mtu akautaka ulezi, ila hakuna aliyetaka kuupalilia. Na palizi ya ulezi ni adhabu, maana magugu yake yanafanana nao kama pacha. Nilimwona Bibi akitambaa shambani kwa magoti, magugu yakimshinda, na iliniuma sana. Ndipo mwenyekiti akaja kuulizia kimea cha posa ya bintiye.

"Kimea kipo shambani, mwanangu," Bibi alimjibu. "Jembe lako liko wapi?"

Kwetu palizi ilikuwa kazi ya wanawake. Kesho yake wazee wazima waliinama mstarini, waking'oa ulezi na kuacha magugu, Bibi akiwafuata na fimbo kuwaelekeza. Wanawake waliokwenda kisimani walipita makusudi njia ndefu ya kando ya shamba. Sote tulicheka. Bibi peke yake alikuwa akilia, kwa sababu mbegu ya mama yake ilikuwa imepata mwaka mwingine.