Masikio ya Baba

Mimi ni mtu wa kuchokonoa mtandao tangu nipate simu ya skrini kubwa, na sioni haya kusema. Mchana dukani, wateja wa dawa za mifugo wakipungua, navuta kiti nyuma ya kaunta na kupotea. Nimepata programu inayogeuza mluzi wangu kuwa bendi nzima ya tarumbeta. Nimepata tovuti yenye picha ya dunia. Unaigusa popote, inakufungulia redio ya huko. Siku moja nilisikiliza habari za hali ya hewa kwa lugha nisiyoijua hata jina, mpaka mteja akagonga kaunta kwa sarafu. Nimechora kwa kidole ng'ombe wa zambarau, na watu nisiowajua wakamsifu. Mama mwenye duka husema nitaolewa na simu. Namjibu kwamba simu angalau haikoromi.

Baba hakuona maana ya vitu hivyo, na hata sauti zake hakuzisikia. Alikuja Eldoret kutoka pande za ziwa akiwa kijana, akapata kazi kwenye posho mill, kinu cha kusagia mahindi, hapa mtaani Huruma, akasimama kando ya ule mtambo miaka yote ya nguvu zake. Mtambo ulimla masikio polepole. Kwanza alilalamika kwamba watu wa siku hizi wanaongea na ugali mdomoni. Kisha akaacha kulalamika. Nilipomaliza shule alikuwa hasikii ila ukimpigia kelele sikioni, na kwa kuwa hata sauti yake mwenyewe hakuisikia, naye aliongea kwa kelele. Akiomba chumvi, ploti nzima ya wapangaji ilijua mboga ya kwetu haina chumvi.

Tulizoea kuishi naye hivyo. Yaliyomhusu tulimpigia kelele, mengine tuliyaongea mbele yake kana kwamba hayupo. Hatukuwa na nia mbaya. Chumba ni kimoja na pazia katikati, ungeenda kuongelea wapi?

Halafu chakula kikaanza kumkwama. Ugali ulikataa kushuka, kisha wali, akabaki na uji. Mimi, Mama na kaka yangu tulimpeleka hospitali, akapimwa, akapigwa picha, tukaitwa tena. Daktari alitueleza kwa sauti ya chini na huruma nyingi. Ilikuwa saratani ya koo, na ilikuwa imekwenda mbali. Tumpe anachoweza kumeza, tumpunguzie maumivu. Baba alikuwa ameketi katikati yetu, kofia magotini, akitabasamu kwa adabu.

Tulipotoka akauliza, "Amesema nini?" Foleni yote ikageuka.

Kaka akainama sikioni kwake. "Ni vidonda, Mzee! Vidonda vya koo! Utakunywa dawa!"

Nilimkasirikia kaka kweli kweli. Tulipofika nyumbani nikamkaripia papo hapo, Baba akiwa amekaa hatua chache kutoka kwetu. "Mbona umemdanganya?"

"Sasa ulitaka nifanye nini? Nisimame kwa hospitali nipige nduru ati ni cancer? Ama nimwambie hapa kwa ploti? Si majirani watajua kabla yake?"

Hasira yangu ilibaki, lakini alisema kweli. Neno kama lile mtu huambiwa taratibu, mkono wake umeushika, na baba yetu hakuwa na njia yoyote ya kuambiwa jambo taratibu. Anajua kusoma, ndiyo. Lakini hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kuliandika neno hilo na kumpa kama risiti. Basi tukabaki na vidonda. Kila jioni tuliongea juu ya kifo chake huku akipuliza uji wake, na hatukupunguza sauti hata kidogo.

Programu ya kumsaidia Baba niliipata nikitafuta kitu kingine. Kuna watu mtandaoni wanaookoa nyimbo za gitaa za pande za ziwa kutoka kwenye santuri zilizochakaa, na Baba aliwahi kusimulia kwamba alimpata Mama kwenye densi ya nyimbo kama hizo. Nilitaka azisikie angali hai. Katika kutafuta jinsi ya kuzisafisha, nikaangukia mjadala wa watu wapenda sauti, na mmoja akataja programu inayogeuza simu kuwa kifaa cha kusaidia masikio. Simu inakaa mezani na kunasa sauti, earphone zinazipeleka sikioni, nawe unaongeza zile tu ambazo masikio yamezipoteza. Niliruka kwa furaha katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Jumapili baada ya kanisa nikamkalisha. Nikampigia milio, kutoka mizito hadi myembamba, naye ananyanyua kidole kila anaposikia. Kwa ile mizito kidole kilipanda. Kwa ile myembamba kilibaki gotini, na yeye ananitazama usoni akingoja nianze, kumbe mlio ulishapita. Nikaongeza pale alipopungukiwa, nikamfungulia gitaa.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kelele tu," akasema, sauti ikafika barabarani. "Kama kinu."

Nikarekebisha, nikajaribu tena. Kelele tu. Wale wa mtandaoni walikuwa wameonya kwamba mtu aliyezoea kimya huhitaji muda kabla sauti hazijawa maneno, ila mimi nilitaka siku hiyo hiyo, niko hivyo. Nilipotaka kuzitoa earphone alikataa. Alisema zinamkinga na baridi. Nikacheka, ingawa moyo ulikuwa umevunjika, nikamwachia simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, programu ikiwa ndani yake. Akawa anaichaji mwenyewe na kuiweka mezani kila asubuhi.

"Mzee amepata toy," kaka akasema. Nasi tukaendelea na mazungumzo yetu.

Alipoanza kushindwa hata na uji, kaka akaleta suala la nyumba. Kwetu mwanamume aliyekomaa hazikwi mahali ambapo hajajenga, na Baba hakuwahi kujenga kule ziwani. Kila alichopata kiliishia hapa mjini, kwenye shule zetu. Watu wa nyumbani walikuwa wamesema wazi: nyumba isimame kwanza, hata kama ni ndogo. Mimi nilikuwa nimegundua programu ya kuchora majengo, unayageuza huku na huku kwa kidole. Nikaichora nyumba ile kwa bidii ya ajabu. Ilikuwa rahisi kuchora kuliko kufikiri.

Nikawaonyesha mchana mmoja wa Jumamosi, tumekizunguka kimeza, Baba kwenye kiti chake.

"Hapo sawa," kaka akasema. "Room moja, mabati, mlango. Si ni ya siku moja tu?"

"Na dirisha?" Mama akauliza.

"Dirisha ya nini, Mama? Kwani nani ataishi huko?"

Mama akachukua kikombe chake. Mimi nikaigeuza nyumba kwenye skrini, upande huu bati, upande ule bati.

"Wekeni dirisha."

Nilitazama mlangoni nikidhani kuna mgeni. Ilikuwa sauti ya chini, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu anayeongea na watu walio karibu naye. Ilichukua muda nijue ni ya Baba, kwa maana miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kuongea hivyo. Earphone zilikuwa masikioni kama kila siku, na macho yake yalikuwa kwenye simu yangu.

Mama aliweka kikombe chini. "Baba, unasikia?"

"Nasikia."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

Hakuna aliyethubutu kuuliza amesikia nini. Tulijua wenyewe tulichokuwa tukisema mle ndani, kila siku, kwa sauti kamili. Nilihisi aibu hadi kwenye vidole.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza, na nilikuwa tayari nalia.

"Ningewaambia, mngetoka nje kuongea," akasema. "Na mimi nilikuwa nimefurahi kusikia nyumba yangu tena. Hata kama ni hayo."

Kisha akamgeukia kaka. Alimwambia asogeze kiti, akasogeza. Akamwambia akaribie zaidi, akakaribia mpaka magoti yao yakagusana.

"Sasa niambie," Baba akasema. "Daktari alisema nini?"

Kaka alitutazama mimi na Mama. Kisha akamshika mkono, akaanza kumwambia taratibu, na Baba akaitikia kwa kichwa kila neno, mpaka akamaliza.