Magoli Matatu Yasiyo na Mfungaji

Siku za mechi, nyumba yetu ya Cibitoke iliamka na harufu ya mawese yaliyopashwa moto na kitunguu saumu. Kaka yangu Hamisi alijichua miguu kwa mafuta hayo, na mama hakuacha kulalamika kwamba sufuria yake ya mboga inanuka miguu ya mtu. Msimu ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Hamisi alikuwa amefunga magoli mengi kuliko mchezaji yeyote kwenye ligi. Basi habari ikatufikia: mwalimu wa timu ya taifa atakuja Jumamosi kumtazama. Hiyo haikuwa kawaida. Timu ya taifa ilijaa wanaocheza ng'ambo. Wa ligi yetu ya kusuasua, nani angewajua? Mwalimu alikuwa na siku hiyo moja tu kabla ya kuandika orodha yake.

Jumamosi tulikwenda sote, hata mama, ambaye hakuwahi kutia mguu uwanjani. Mwalimu alikaa mbele na kidaftari chake. Timu ya Hamisi ikaingia, ikajipanga. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Basi la wageni lilikuwa limekwama njiani bila tone la mazutu kwenye tangi, maana mwaka ule mazutu yalitafutwa kwa tochi. Refa akatazama saa. Tukangoja. Hamisi alirukaruka pale juani ili miguu isipoe. Halafu firimbi ikalia mara moja: forfe, wageni hawakutokea, tumeshinda tatu bila. Wenzake wakashangilia, kwani pointi si pointi? Mwalimu akafunga kidaftari, akamwendea Hamisi, akampa mkono. "Pole, kijana," akasema. "Mi naandika kile nimeona."

Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Nilihisi ganzi tu, na sijui kama imewahi kuniisha. Hamisi alirudi nyumbani, akaosha yale mafuta miguuni kwa sabuni ya kufulia, akala, akalala. Orodha iliposomwa redioni jina lake halikuwemo, na mama akaendelea kuchambua mchele.

Leo Hamisi ana gereji ndogo hapa hapa Cibitoke. Timu ya taifa ikicheza, tunaitazama kwenye televisheni ya gereji. Ikifungwa, watu wanamlaani mwalimu. Mimi nauliza tu washambuliaji wangetoka wapi, ikiwa mechi za kwetu bado zinakufa kwa kukosa mazutu. Wala sikasiriki, nasema hivyo kama ninavyosema mvua imenyesha. Juzi binti wa Hamisi alimuuliza kama aliwahi kushinda mechi kubwa.

"Ndiyo, mama," Hamisi akamjibu. "Siku mwalimu wa taifa alikuja kuniona. Tatu bila."

"Nani alifunga?"

Hamisi akafuta oili mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Hakuna mutu."

Mtoto akacheka sana. Alidhani baba yake anamtania.