Vikapu Tulivyovirudisha Sokoni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya siku ya soko, wanawake wa kijiji chetu walipopanda kilima kwenda soko la Ekero wakiwa na vikapu vilivyojaa pomoni, wala hakuna hata mmoja aliyekusudia kuuza kitu. Nami nilikuwamo, mkaza mwana mgeni ambaye alikuwa hajamaliza kujifunza majina ya majirani, mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni. Niwie radhi nikianzia nyuma kidogo. Jambo hili halisimuliki kwa haraka.

Kijiji chetu kimelala bondeni, chini ya soko, kimezungukwa na mashamba ya miwa. Pembeni mwake pana chemchemi. Mama mkwe wangu, Mama Nafula, ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Hakuna aliyemchagua. Marehemu mumewe ndiye aliyepanga mawe ya mdomo wa chemchemi ile, naye akarithi kazi ya kufagia njia yake na kuwakaripia waliofulia nguo karibu nayo. Maji yalikuwa baridi hata katika kiangazi kikali, na watu wa sokoni nao waliyafuata, kwa kuwa mifereji ya mji haikuwa imefika kwao.

Lakini juu ya chemchemi palikuwa na korongo, na wafanyabiashara walikuwa wameligeuza kuwa jaa. Humo walitupa majani ya kabichi, makopo, chupa, betri za redio, na zaidi ya yote karatasi za nailoni, ambazo enzi zile ulipewa bure hata uliponunua kiberiti kimoja. Wakati wa kiangazi jaa lilinuka tu. Mvua iliponyesha, lilitushukia.

Siku moja bwana afya alikuja akateka maji katika chupa, akaenda nayo. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa kutangaza msiba. Alisema kwamba maji yale ndiyo yaliyokuwa yakiwaumiza watoto matumbo. Kwamba angeyapima tena baada ya masika. Na kwamba yakiwa vilevile, angeiziba chemchemi kwa saruji. Tungebaki na mto, ambao kuufikia na kurudi ni kazi ya kumaliza asubuhi nzima, na ambao wenyewe haukuwa msafi kuliko korongo.

Nilirudi nyumbani nikilia. Mama Nafula alikuwa akimenya viazi vitamu.

"Unalilia nini?"

"Maji, Mama. Watu wa soko wametuonea."

"Umewaambia?"

"Si wanajua!"

"Nimekuuliza kama umewaambia, sikuuliza kama wanajua. Aliye juu haoni kinachoshuka, mkaza mwanangu. Macho yake yako dukani. Na wewe machozi yako yanaonwa na viazi vyangu peke yake."

Sasa, mwanangu, yakupasa kuijua desturi yetu moja. Jirani akikuletea ndizi ndani ya kikapu, kikapu chake hakirudi kitupu. Utatia mayai mawili, utatia njugu, utatia chochote ulicho nacho, maana mkono mtupu haulambwi. Mama Nafula aliweka kisu chini, kisha akasema kwa utulivu kabisa: "Watu hawa wametuletea vitu mvua baada ya mvua, nasi hatujawarudishia hata kimoja. Tumekuwa watu wasio na adabu." Nilidhani kilio changu kimemvuruga akili.

Hakuvurugika. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na tukaingia korongoni na majembe. Alituagiza kuosha kila tulichookota, ili asije mtu akasema tumekwenda kumtukana. Kisha tulikitenga kila kitu kwa mwenyewe: karatasi za mkate kikapu hiki, makopo ya hotelini kile, mifupa ya buchani kile pale. Tukafunika kwa majani ya migomba, kama inavyofunikwa zawadi.

Tulipoingia sokoni, kijana mmoja wa boda boda aliegemea baiskeli yake akapiga mbinja. "Oneni wamama! Leo wanauza takataka!"

"Hatuuzi, mwanangu," Mama Nafula akamjibu bila kusimama. "Hii ni ya bure. Hata yako tumekuletea, ile mipira ya magurudumu." Wenzake walicheka mpaka akapanda baiskeli akaondoka bila abiria.

Tulianzia kwa Mzee Shaban, mwenye duka kubwa na kiongozi wa wafanyabiashara, mtu wa heshima na mzungumzaji hodari.

"Salaam aleikum, Mzee Shaban."

"Waleikum salaam, Mama Nafula. Karibuni! Mmetuletea mboga?"

"Tumerudisha kikapu chenu. Mmekuwa mkitutumia vitu siku nyingi, nasi hatukulelewa kurudisha chombo kitupu."

Mzee akafunua majani. Akainua karatasi moja ya mkate, safi, ingali na maandishi yake. Akaitazama rafu yake, akaitazama tena karatasi. "Lakini mama, hizi nilizitupa."

"Ulizitupa, ndiyo. Nasi tulizipokea. Maji mnayotawadhia siku ya Ijumaa yanatekwa wapi, Mzee?"

Mzee akageuka kutazama bondeni. Mwenye hoteli ya jirani, aliyekuwa akicheka mlangoni na birika mkononi, aliacha kucheka ghafla. Akalitazama birika, akalitua chini taratibu. Nami nikaona jambo ambalo sijalisahau: soko zima lilikuwa likinywa jaa lake lenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ndipo Mzee Shaban akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa haki. "Mama Nafula, ungekuja na matusi ningekujibu. Umekuja na adabu, nitakujibu nini?" Siku hiyohiyo aliwaita wenzake. Mmoja alishauri jaa litiwe moto, kama tufanyavyo kwa miwa kabla ya kuikata. Mama Nafula alikataa. "Jani la muwa likiungua huacha jivu. Nailoni ikiungua tutaivuta kwa pua, halafu mvua itatunywesha kilichobaki."

Wakakubaliana. Maganda na majani yalipelekwa mashambani na kupangwa katikati ya mistari ya miwa yaoze, kama wakulima wetu wanavyoyapanga majani makavu baada ya mavuno. Makopo na chupa vilipata wanunuzi. Kilichobaki kilihifadhiwa katika shimo lililochimbwa mbali na mteremko, na wenye maduka wakapokezana ulinzi. Korongo tulilipanda matete. Haikuwa kazi nyepesi. Walikuwapo waliotoroka zamu, wakarudishiwa kikapu mara ya pili, mbele ya wateja.

Masika yakaja na kwenda. Bwana afya akarudi, akateka, akaenda, akarudi tena. Safari hii alipiga magoti kwenye mawe, akakinga viganja, akanywa mbele yetu sote. Mwanangu, vigelegele vya siku ile vilisikika mpaka sokoni, na watu wa sokoni wakateremka mbio, Mzee Shaban akiwa mbele, kanzu ameishika mkononi, akipiga kelele kama mvulana: "Tumeshinda! Tumeshinda!" Alisema *tumeshinda*, wala Mama Nafula hakumsahihisha.

Leo mifuko ile ya nailoni imepigwa marufuku, lakini ninaona nepi zikitupwa usiku kwenye miwa, na chupa za soda mitaroni. Basi sikiliza. Hakuna mahali paitwapo kutupwa; kila utupacho kina jirani anayekipokea, na huenda jirani huyo ni mwanao. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tenga taka zako leo, kinachooza kirudi udongoni, kisichooza kisifike majini. Na ukionewa, usikae jikoni ukilia, wala usiende na matusi. Nenda na ushahidi uliooshwa, na salamu kamili, umwachie mwenzako nafasi ya kushinda pamoja nawe.

Mungu akupe ardhi isiyokuchoka, mvua isiyokudhuru, na watoto watakaoinama popote penye maji katika nchi hii, wakanywa bila hofu. Amina.