Bwawa Lililovuja Jumamosi

Shemeji yangu walimwita Koki, na hata mchungaji aliponyokwa na jina hilo mara kwa mara. Alikuwa fundi bomba. Bwawa la ubatizo la kanisa letu, lile lililo nyuma ya mimbari, lenye ngazi za saruji pande mbili, alilijenga yeye na mabomba yake yote akayalaza yeye. Ubatizo ukikaribia, Jumamosi yake alikunja suruali, akaingia na brashi, akasugua sakafu mpaka ikatakata, kisha akafungulia maji na kusimama humo humo yakimpanda hadi kifuani, akikagua kama kuna mahali panapovuja. Nusu ya mtaa wetu imezamishwa katika maji yake. Yeye mwenyewe hakubatizwa.

Nilikuwa namtania. "Shemeji, wewe umeingia mle mara nyingi kuliko mchungaji. Siku moja utateleza uzame, na sisi tutahesabu umeokoka."

"Nikizama nivute miguu," alinijibu. "Usianze kuita kwaya."

Mimi ni kinyozi, na wokovu wangu haukunisumbua sana. Niliitwa mbele, nikalia kidogo, nikazamishwa, nikatoka nikiwaza mechi ya mchana. Koki hakuwa hivyo. Yeye neno likimwingia halitoki. Kazini alikuwa na sheria moja, kwamba maji hayafunguliwi mpaka bomba litengenezwe, kwa sababu ukimfungulia mteja maji kwenye bomba bovu umemharibia nyumba. Sheria hiyo aliibeba mpaka kanisani, na hapo ndipo alipojimaliza.

Bomba lake bovu lilikuwa baba yake. Yule mzee alimfukuza mkewe, mama yake Koki, akiwa mgonjwa, mama wa watu akafia kwa majirani, na siku ya mazishi mzee hakutia mguu. Koki alimchukia tangu utotoni. Alipooana na dada yangu akaanza kumsindikiza kanisani, akasikia kwamba anayetaka msamaha wa Mungu naye asamehe. Likamkaa kooni. Alijaribu kweli, sitamsingizia. Alienda kwa mzee, akamtengenezea choo na sinki la jikoni, akarudi nyumbani na hasira ile ile. Dada akimwambia neema ni ya bure, alisema, "Mke wangu, nitasimamaje mbele ya watu niseme nimekuwa mpya, na yule mzee nikimwona tu natamani afe?"

Mzee akafa. Koki alitoka makaburini akaja moja kwa moja kwenye kiti changu cha kunyolea, akakaa, wala hakutaka kunyolewa.

"Shemeji," aliniambia, "sasa hata wa kumsamehe hayupo."

Mchungaji alimwelewesha mpaka akakaukiwa na mate. Alimwambia hakuna anayejitengeneza kwanza ndipo amwendee Yesu. "Unaenda umevunjika hivyo hivyo, fundi. Kutengeneza ni kazi yake. Msalabani aliimaliza, wewe pokea tu."

"Nakuelewa, mchungaji. Ila mimi ndiye ninayeishi humu ndani. Nasikia kunavyovuja."

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Hospitali wakasema moyo umetanuka na umechoka, asibebe vizito, asipande ngazi. Alikuja kunitania, "Kumbe nina moyo mkubwa, na dada yako kila siku ananilaumu nina roho ya kutu." Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya duka nikafuta macho. Dada hakucheka. Yeye alikuwa na jambo moja tu lililomnyima usingizi, kwamba mume wake ataondoka bila kumpokea Bwana na hatamwona tena. Alimwomba, akamlilia, akamnunia. Mwisho Koki akasema haya, Jumapili ya ubatizo ataingia na wengine. Dada alishona kanzu nyeupe kwa mkono wake, akaipiga pasi kila siku wiki nzima ingawa hakuna aliyeivaa.

Jumamosi Koki akakataa mtu mwingine asijaze lile bwawa. Nilimsindikiza, brashi nikashika mimi. Tulijaza, tukaketi kwenye ngazi. Baada ya muda akainama, akaweka kidole ukutani pale maji yalipoishia, kisha akanitazama.

"Limeshuka."

"Limeshuka upana wa kidole, shemeji. Nani atajua?"

"Linavujia chini, kwenye kiungo. Maji yataingia kwenye msingi."

Mchungaji alikuja akatazama, akasema kwa asubuhi moja yatatosha, na kama hayatoshi wataongeza kwa ndoo. Nilimsihi nusura nipige magoti. Koki alivua tu viatu, akashuka, akazibua tundu la kutolea maji. Yote yakaenda. Akasema ataufunua msingi Jumatatu, abadilishe kile kiungo, na ubatizo uwe Jumapili inayofuata. Nilimuuliza kama anaogopa. Aliendelea kupapasa sakafu kutafuta ufa.

Jumatatu hakuweza kuinuka kitandani. Dada akanituma nimwite mchungaji, lakini mimi nikiwa mlangoni nilimsikia akimwambia mumewe, "Achana na maji. Maji ni alama tu. Mwambie Yesu sasa hivi, hata kwa kunong'ona, mwambie unampokea."

Koki alivuta pumzi kwa shida. "Nikimaliza kile kiungo," akasema.

Niliporudi na mchungaji, Koki alikuwa ameshakata roho.

Kwenye mazishi mchungaji alihubiri juu ya yule mhalifu msalabani na juu ya Mungu anayeona moyoni. Alihubiri vizuri. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mhalifu aliomba, mchungaji. Wangu aliambiwa aombe, akasema akimaliza." Mchungaji akafunga Biblia yake. Mimi nilikuwa namkasirikia mtu aliyelala ndani ya jeneza, na mpaka leo hasira haijanitoka. Naona ugonjwa wake umeniambukiza.

Fundi mwingine aliletwa, akafunua msingi, akabadilisha kiungo kabla ya chakula cha mchana. Kilikuwa kiungo kidogo tu, unakificha kiganjani. Jumapili watu wakabatizwa, wakapigiwa makofi na vigelegele. Dada alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, yeye aliyekuwa wa mstari wa mbele miaka yote. Ile kanzu alikuwa amemvalisha maiti.

Nikamsogelea nikamwambia lililonijia, kwamba asikate tamaa, yeye ameokoka, mbinguni atafika.

"Najua nitafika," alisema, akiwatazama wale waliolowa. "Nikifika, nikakae na nani?"