Mpenzi Wake Tangu Tanga

Nichekeni mkitaka, lakini kwanza nisikilizeni. Miaka yote niliyoishi Johannesburg sikuwahi kukutana na mtu anayemsoma mwandishi wangu, yule wa riwaya za mapenzi. Basi Jumamosi iliyopita, nilipomwona dada mmoja amekaa peke yake kwenye mgahawa wa Mayfair, ameshika riwaya ya mwandishi huyo, niliapa kwamba huyo hanitoki. Nikamhamia na sahani yangu ya pilau.

"Dada, samahani. Na mimi ni mpenzi wake."

Alinitazama. Lafudhi yake ilikuwa ya Kikongo. "Mpenzi wake? Tangu wakati gani?"

"Tangu niko Tanga, sijaolewa."

"Na sasa uko na bwana?"

"Ninaye, na anajua. Hulalamika tu, maana kila siku napitiwa na usingizi naye kifuani."

Akakifunga kitabu, akaniinamia. Nikadhani ni furaha ya kupata mwenzake, nikakaza uzi.

"Tusimgombanie, dada. Tukutane hapa kila Jumamosi, tumzungumzie."

Hapo mwanamume mrefu akatokea upande wa bomba, anajifuta mikono, akaketi kando yake.

"Baba Neema," dada akamwambia taratibu, "mpenzi wako wa Tanga amefika. Anasema tusikugombanie."

Mgahawa mzima uligeuka kututazama. Miguu ilitaka kukimbia, nikaikatalia. Nilikichukua kitabu mkononi mwake, nikaweka kidole kwenye jina lililo jaladani.

"Ni huyu, dada," nikasema. "Mimi nampenda huyu."