Mashine ya Nukta Nundu

"Imeungua hii," fundi alisema, simu ya mkononi kaining'iniza kiunoni ili sote tuione. "Umeme wa Songea huu, madam. Umepiga bodi. Ipelekwe Dar." Hakuwa amefungua hata skrubu moja ya mashine.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulianza Jumatatu. Darasani tulikuwa na binti mmoja asiyeona, na mashine ile ndiyo iliyomchapia mitihani kwa nukta nundu, vile vitone vya kupapasa kwa vidole. Mkuu wa shule akasema si neno, mwalimu mmoja atamsomea maswali. Binti alipoambiwa, alinifuata ofisini. "Madam, nikisomewa naona aibu kusema rudia, rudia. Nanyamaza, naandika chochote." Alisema bila kulia. Aliyetaka kulia ni mimi.

Fundi alipoondoka nikafunga mlango. Mashine ile ilikuwa na kitufe cha kujijaribu: ukikibonyeza wakati unaiwasha, inatoboa ukurasa wa mfano yenyewe, bila kompyuta. Nikabonyeza. Ta-ta-ta-ta! Karatasi ikatoka imejaa vitone. Imeungua wapi? Thubutu! Mashine ilikuwa nzima, ila kompyuta haikuongea nayo. Nikabadilisha waya. Kimya vilevile. Nikajiuliza ni kitu gani kimebadilika tangu ilipochapa mara ya mwisho.

Jibu nililolipata sikulipenda. Wiki iliyotangulia binamu yangu alinitumia kwa basi sidii yenye toleo jipya la kernel, kile kiini cha mfumo wa kompyuta kinachosimamia mengine yote. Niliiweka siku hiyohiyo, bila kumuuliza mtu, kwa sababu nilipenda mno kusikia walimu wenzangu wakisema madam wetu anazijua kompyuta. Kumbe draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuiamuru mashine, ilitengenezwa kwa kernel ya zamani, na hii mpya ikaikataa. Umeme ulisingiziwa bure. Mharibifu nilikuwa mimi.

Nikaenda kwa mkuu.

"Shikamoo, mkuu. Mashine ni nzima. Kompyuta nimeiharibu mimi mwenyewe."

Akavua miwani. "Marahaba. Utaitengeneza?"

"Nitaitengeneza."

"Sasa unasimama hapa kufanya nini?"

Kernel ya zamani sikuwa nimeifuta, kwa bahati tu, wala si kwa akili. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha upya, na ilipoleta orodha ya kernel zilizomo nikachagua ile ya zamani. Nikatuma ukurasa mmoja, nikashika meza. Kimya. Nikaanza kujitukana. Halafu mashine ikaguna, ikaanza kutoboa, nami nikapiga kigelegele mpaka karani wa chumba cha pili akaja kuuliza nani kaolewa. Jamani, nilijisikia! Nilitembea mpaka nyumbani Ruhuwiko kifua mbele, nikisalimia hata watu nisiowajua. Fundi nilimpita barabarani, nikamsalimia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumatatu tukaanza na Jiografia, mtihani niliotunga mwenyewe, na kwa majivuno niliuona hauna dosari. Nilisimama nyuma ya darasa nikiangalia vidole vya yule binti vikipita juu ya karatasi, haraka, bila kusita. Hata nusu saa haijaisha, akanyoosha mkono. Nikajua vitone vimekosewa, nikamwendea mbiombio.

"Madam, swali la nne na la kumi na moja ni lilelile."

Nikanyakua karatasi ya jirani yake, nikasoma. Kweli kabisa. Wenzake wote wenye macho walikuwa wakiandika tu, wengine wameshayajibu yote mawili, na hakuna aliyesema neno.

"Nijibu lipi?" akauliza, kidole kimoja kikiwa kwenye ukurasa wa kwanza, kingine kwenye wa tatu.